Kobe Wachanga Wanaopandana: Mwongozo Kamili wa Kuelewa Mwenendo Wao na Kuwajengea Makazi

Kobe mchanga akimpanda mwenzake, wafugaji wengi hufurahi. Wanadhani wamebahatika kupata dume na jike, na kwamba mayai hayako mbali. Lakini kwa kobe ambao hawajakomaa, kupandana hakuhusiani na uzazi. Mara nyingi mmoja ameshaanza kumtawala mwingine, na nafasi waliyonayo haimpi aliyetawaliwa pa kukimbilia. Kwa hiyo swali la kwanza la mfugaji lisiwe "watataga lini?" bali "nimewaweka vipi?" Mwongozo huu unafuata njia hiyo: kwanza tutatambua kinachotokea, kisha tutajenga makazi, na mwisho tutagusia uzazi wenyewe kwa watakaofika huko.

Hatua ya 1: Jua una kobe gani na amefikia ukubwa gani

Karibu kila ushauri kuhusu kobe hutegemea spishi. Kobe wa Hermann (Testudo hermanni), kobe wa Kigiriki (Testudo graeca) na kobe wa Urusi (Testudo horsfieldii) ni wadogo, wa nchi zenye majira ya baridi. Kobe wa sulcata (Centrochelys sulcata) huanza akiwa mdogo kama wao, lakini hufikia zaidi ya sentimita 70 na kilo 45. Kobe chui (Stigmochelys pardalis) na kobe wa miguu myekundu (Chelonoidis carbonarius) ni wa maeneo ya joto, na hawahitaji kulala wakati wa baridi. Usipojua spishi ya kobe wako, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayefahamu reptilia kabla hujanunua hata taa.

Kinachoamua ukomavu wa kobe ni ukubwa zaidi ya umri. Dume wa Hermann huanza kukomaa akiwa na urefu wa karibu sentimita 12, jike akiwa na karibu sentimita 15. Porini safari hiyo huweza kuchukua karibu miaka kumi. Kobe wa kufugwa anayelishwa kupita kiasi huifupisha sana, na hilo si jambo la kujivunia. Sulcata hukomaa akiwa mkubwa zaidi, dume karibu sentimita 35.

Jinsia nayo haionekani mapema. Dume huwa na mkia mrefu na mnene, na tundu la haja limesogea mbali kuelekea ncha ya mkia. Gamba lake la tumbo huwa limebonyea kidogo ili lipate kukaa juu ya mgongo wa jike. Jike ana mkia mfupi na gamba la tumbo lililo bapa. Kwa kobe wadogo wa jamii ya Testudo alama hizi huanza kuonekana wakifikia sentimita 8 hadi 10, na hata hapo si wote wanaotambulika kwa uhakika. Kwa sulcata itakubidi usubiri hadi karibu sentimita 30.

Kwa hiyo anayekuuzia vifaranga wawili kama "jozi, dume na jike" anakisia tu. Jinsia ya kobe wengi huamuliwa na joto la yai: yai lililotamiwa chini ya nyuzi joto 30 za Selsiasi huelekea kutoa dume, na lililotamiwa juu ya 32 huelekea kutoa jike. Hata muuzaji akikutajia joto hilo, anakupa mwelekeo na si uhakika. Vifaranga wa kiota kimoja huweza kuwa wa jinsia moja wote.

Hatua ya 2: Tazama kwa makini kabla ya kuipa tabia jina

Kobe waliokomaa wana mwenendo wa uchumba unaotambulika. Dume humzunguka jike, hutikisa kichwa juu na chini, humuuma miguu ya mbele, na humgonga ubavuni kwa gamba hadi mlio usikike chumba cha pili. Kobe wa Kigiriki hupenda zaidi kugonga. Kobe wa Urusi hutikisa kichwa na kuuma. Dume wa Hermann ana ncha ngumu kama pembe kwenye mkia, ambayo huweza kumjeruhi jike karibu na tundu la haja. Wa miguu myekundu hutambuana kwa kutikisa vichwa, na dume hutoa sauti kama ya kuku akiwa juu ya jike. Wakati wa kupanda, dume hufungua mdomo na hutoa sauti nyembamba ambayo wengi hawakutegemea kuisikia kwa mnyama aliye kimya hivyo.

Sasa, mengi ya haya haya hufanywa na kobe wa sentimita 6. Kifaranga humpanda kifaranga, dume humpanda dume, jike humpanda jike, na wengine hupanda jiwe au kiatu. Kupanda ni lugha ya ubabe kabla haijawa ya uzazi, na kobe mchanga wa ukubwa huo hawezi kutunga mimba wala kutungisha.

Hata hivyo, dalili zinazonitia wasiwasi zaidi ni zile tulivu, kwa sababu ndizo zinazochukuliwa kimakosa kuwa urafiki:

– Mmoja humfuata mwenzake kila aendako. Binadamu huona upendo. Kobe anasukumwa aondoke.
– Wawili wamelala wamebanana chini ya taa, au mmoja yuko juu ya mwingine. Wanagombea sehemu moja yenye joto.
– Mmoja hukaa mbele ya chakula, au huweka mwili wake kati ya mwenzake na sahani.
– Mmoja hujifukia muda mrefu na hutoka tu mwenzake akiwa amelala.
– Mmoja hutembea ukutani bila kukoma akitafuta pa kutokea.

Kobe hapigi kelele, na aliyeshindwa hawezi kukuambia. Hula kidogo, hukua polepole, kinga yake hushuka, kisha siku moja anakutwa amevimba macho au anatoa mapovu puani. Nunua mizani ya jikoni, wapime kila wiki na uandike. Ndugu wa kiota kimoja wakiachana sana kwa uzito mwezi hata mwezi, daftari limeshasema yale ambayo macho yako hayakuyaona.

Kuna tukio moja zaidi la kulifahamu. Dume mchanga akiwa majini au anapokwenda haja huweza kutoa uume wake nje, mweusi na mkubwa kuliko unavyotegemea, kisha akaurudisha ndani. Ni kawaida. Kama haurudi ndani ya saa moja hivi, hiyo ni dharura: uweke unyevu kwa maji safi, mtenge na kobe wengine wasije wakauuma, umpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Watenganishe leo

Ushauri wangu hauna kona: kobe wawili ni idadi mbaya kuliko zote. Katika kundi la watano, ubabe wa mmoja hugawanyika kwa wengi. Kwa wawili, aliye dhaifu hubeba mzigo wote, mchana na usiku, na hana pa kuutua. Kobe huanguliwa peke yake bila malezi ya mama, hutawanyika, na wengi huishi bila kuhitaji mwenzao hadi wakati wa kujamiiana. Upweke tunaowahurumia nao ni wetu sisi, si wao.

Kutenganisha maana yake ni makazi mawili kamili, kila moja na taa yake, maficho yake na maji yake. Kigawanyo cha kioo au wavu katikati hakitoshi, kwa kuwa watakaa wakitazamana na kugonga kigawanyo. Tumia ubao usiopitisha mwanga. Kama huna nafasi ya makazi mawili, ni bora kumtafutia mmoja mlezi mwingine mwenye ujuzi, mapema, kabla hajaumia.

Hatua ya 4: Jenga banda la kobe mmoja

Kifaranga anaweza kuanza katika banda la sentimita 90 kwa 45. Akifikia sentimita 10 apate angalau sentimita 120 kwa 60, na kobe wa Testudo aliyekomaa asipewe chini ya mita 2.4 kwa 1.2. Hivyo ni vipimo vya chini kabisa. Mwenye sulcata aanze kufikiria uwanja mzima tangu siku ya kwanza, maana meza (banda lililo wazi juu) haitamfaa kwa muda mrefu.

Kuta ziwe ngumu na zisizoonyesha nje. Kobe haelewi kioo. Ataona nje na kusukuma kwa siku nzima. Kimo cha kuta kiwe angalau mara mbili ya urefu wa gamba la kobe mwenyewe, kwa sababu hupanda pembe za banda kwa ustadi wa kushangaza. Tanki la samaki halifai: lina kuta za kioo, ni jembamba, na joto halipati pa kugawanyika.

Ndani ya banda gawanya sehemu tatu: upande wa joto, katikati, na upande wa ubaridi. Weka maficho mawili, moja kila upande, ili asilazimike kuchagua kati ya usalama na joto linalomfaa. Panga mawe bapa, magogo na mimea isiyo na sumu katikati ili akiwa upande mmoja asiuone upande mwingine. Vitu hivi vina kazi ya pili: kobe aliyepinduka chali huvitumia kujigeuza. Chini ya taa ya joto, kobe aliyelala chali huweza kufa kwa kuchemka, kwa hiyo sehemu hiyo iwe tambarare, bila ngazi wala mteremko mkali.

Hatua ya 5: Joto na mwanga

Kobe huota joto kutoka juu, kama anavyolipata kwa jua. Taa ya joto ining'inizwe upande mmoja kwa mnyororo imara. Usitegemee kibanio pekee, kikilegea kinaunguza nyumba. Pima joto kwenye kimo cha gamba lake, palepale anapolala. Kwa kobe wa Testudo, mahali pa kuota pawe na nyuzi joto 32 hadi 35, na upande wa ubaridi 22 hadi 25. Usiku wakiwa wazima wa afya wanaweza kuachiwa joto lishuke. Vifaranga wa sulcata, kobe chui na wa miguu myekundu wasishushwe chini ya nyuzi 24 usiku. Wawekee kifaa cha joto kisichotoa mwanga, kikiongozwa na themostati (kifaa kinachodhibiti joto). Wa miguu myekundu ni wa msituni, hivyo hapendi jua kali: nyuzi 27 hadi 30 zinamtosha.

Acha mikeka ya joto ya kuweka chini na mawe ya umeme. Tumbo la kobe halitambui upesi kwamba linaungua.

Miale ya UVB, sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho, ni jambo la lazima. Bila hiyo kobe hatengenezi vitamini D3, na bila D3 hawezi kuitumia kalsiamu aliyokula. Gamba hulainika na mifupa hupinda. Taa ndefu ya mrija ni bora kuliko balbu ndogo iliyojipinda, kwa sababu hufunika eneo kubwa. Iweke karibu na taa ya joto ili apate vyote viwili kwa pamoja kama afanyavyo juani, kwa umbali ulioandikwa na mtengenezaji, mara nyingi sentimita 30 hadi 45. Kioo na plastiki ya kawaida huzuia miale hii, kwa hiyo jua linalopita dirishani halihesabiki. Badilisha taa kila baada ya miezi 12 hivi hata kama bado inawaka vizuri, kwa sababu UVB huisha kabla ya mwanga. Iwake saa 12 hadi 14 kwa siku, kisha giza kamili.

Hatua ya 6: Udongo, unyevu na maji

Hapa ndipo ushauri wa zamani ulipowaumiza kobe wengi. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba kobe wa nchi kavu alelewe pakavu kabisa, na kwamba gamba linaloinuka kama vichuguu husababishwa na protini nyingi peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 juu ya sulcata wachanga ulionyesha kwamba ukavu wa hewa ndio uliochangia zaidi umbo hilo. Kifaranga porini hashindi juani. Muda mwingi hujificha chini ya mizizi, majani na ndani ya mashimo, ambako hewa ina unyevu hata nchi inapokauka.

Changanya udongo wa bustani usio na mbolea wala dawa na unga wa makumbi ya nazi, kina cha sentimita 8 hadi 10 ili aweze kujifukia. Mwagia maji pembeni ili tabaka la chini liwe na unyevu na la juu libaki kavu kidogo. Udongo wa juu ukilowa kila wakati, gamba la tumbo huoza. Unyevu wa hewa ndani ya maficho uwe karibu asilimia 80 kwa kifaranga. Kipimaunyevu kidogo kitakuonyesha. Banda lililofunikwa juu hushikilia unyevu kuliko meza iliyo wazi, na kwa mwaka wa kwanza mimi ningechagua la kufunikwa. Usitumie mchanga mtupu, vumbi la mbao lenye harufu kali wala gazeti. Mchanga ukimezwa na chakula huziba utumbo.

Sahani ya maji iwe pana na ya kina kifupi, imezamishwa hadi usawa wa udongo. Juu ya hayo, mwogeshe kifaranga kila siku katika maji ya vuguvugu yasiyopita kidevu, dakika 15 hadi 20. Hunywa, hujisaidia, na figo zake hupata nafuu. Akikua, mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha. Kila baada ya kumshika, nawa mikono kwa sabuni, watoto hasa: kobe mzima wa afya huweza kubeba bakteria wa salmonela.

Hatua ya 7: Chakula

Nitapita haraka hapa. Majani mapana ya porini yenye nyuzi nyingi, yasiyopuliziwa dawa, ndiyo msingi kwa kobe wa Testudo. Nyasi zizidi kwa sulcata na kobe chui. Matunda ni ya wa miguu myekundu. Chakula cha mbwa au paka hapana. Nyunyiza unga wa kalsiamu mara kadhaa kwa wiki, na umwachie mfupa wa ngisi autafune. Ukuaji wa haraka hauongezi thamani ya kobe. Humfikisha tu kwenye ubabe na upandaji kabla ya wakati wake.

Hatua ya 8: Kumtoa nje

Hali ya hewa ikiruhusu, jua la moja kwa moja linashinda taa yoyote. Jenga ua wenye ukuta uliozamishwa sentimita 20 hadi 30 ardhini, maana kobe wa Urusi na sulcata ni wachimbaji, na ufunike juu kwa wavu: kunguru, panya na mbwa huona kifaranga kuwa chakula. Nusu ya ua iwe na kivuli muda wote wa mchana. Kamwe usimwache juani ndani ya chombo cha kioo au beseni lisilo na kivuli, hata kwa dakika chache.

Hatua ya 9: Wakishakomaa, ukitaka kuwaweka pamoja

Subiri hadi jinsia ijulikane wazi. Usichanganye spishi kamwe: kobe wa Kigiriki na wa Urusi wanaweza kubeba virusi vya herpesi bila kuonyesha ugonjwa, na virusi hivyo vikawaua wa Hermann. Mgeni yeyote akae karantini, na wafugaji waangalifu humtenga miezi 6 au zaidi, kwa vifaa vyake mwenyewe.

Dume mmoja apate majike watatu au zaidi, wenye ukubwa wa kumlingana au kumzidi, kwenye ua wa nje wenye vichaka na vizuizi vya kutosha. Majike yafike kwanza wayazoee makazi. Dume aingizwe baadaye. Kaa uangalie. Akimgonga jike yule yule bila kupumzika, akimjeruhi mkia au kumpindua, mtoe. Wafugaji wengi wazuri huweka madume peke yao mwaka mzima na kuwaunganisha na majike kwa siku chache tu, na naona hiyo ndiyo njia yenye huruma zaidi kwa jike. Madume wawili wasikae pamoja.

Jike akikomaa anaweza kutaga hata kama hajawahi kuona dume. Mayai hayo hayataanguliwa. Jike aliyewahi kupandwa huweza kutunza mbegu za dume mwilini na kutaga mayai yenye uhai miaka kadhaa baadaye. Kwa hiyo kila jike aliyekomaa, wa peke yake au wa kundini, apewe mahali pa kutagia: udongo wenye unyevu kidogo, kina cha sentimita 15 hadi 20 kwa kobe wadogo, penye joto. Akipakosa huweza kuyazuia mayai tumboni, na hapo maisha yake yamo hatarini. Na kabla ya kutamia yai lolote, jiulize vifaranga wataishi wapi. Kila mmoja atahitaji banda lake, taa yake na zaidi ya nusu karne ya matunzo.

Kobe wote wa nchi kavu wamo katika orodha za mkataba wa CITES wa biashara ya wanyamapori. Omba hati kutoka kwa anayekuuzia, na usimchukue kobe wa porini.

Hatua ya 10: Wakati wa kumwita daktari

Usisubiri wiki ipite ukiona macho yaliyovimba au kufumba, mapovu au ute puani, kuhema kwa mdomo wazi, gamba linalobonyea kwa kidole baada ya miezi ya mwanzo, vidonda karibu na mkia au miguuni, au uzito unaoshuka vipimo viwili mfululizo. Jike anayechimba mashimo na kuyaacha bila kutaga, hatulii, hali na anasukuma kwa miguu ya nyuma, apigwe picha ya eksirei. Nenda na daftari la uzito, vipimo vya joto na unyevu, na picha ya banda. Mwambie daktari pia kama kobe ameishi na kobe mwingine na kwa muda gani, kwa sababu vidonda vingi na kukosa hamu ya kula huanzia hapo.